Udongo Uliomkataa Iraklis

Asubuhi ya Jumamosi, walipofukua kaburi la Iraklis, mama yake Kaliroi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichokiona. Alikuwa na lita mbili za divai nyekundu ya kuoshea mifupa, kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe msimu mzima wa baridi, na kisanduku cha bati chenye jina la mwanawe. Kisiwani kwetu ardhi ni ndogo na mawe ni mengi. Maiti hulala miaka mitatu, kisha mifupa huoshwa, hutiwa kisandukuni na kupelekwa nyumba ya mifupa nyuma ya kanisa, na nafasi hupewa mwingine. Iraklis alikuwa amepewa miaka mitatu na nusu.

Lukas mchimba kaburi alizamisha koleo mara chache, akasimama, akavua kofia.

“Mama Iraklis, usisogee.”

Akasogea. Nani angemzuia? Mkono wa mwanawe ulikuwa bado mkono. Shati la bluu alilomchagulia yeye mwenyewe lilikuwa bado limefungwa vifungo hadi shingoni. Wanawake waliokuja kuimba maombolezo walinyamaza wote kwa mara moja, na Zabeta, jirani ambaye ukuta wake na wa Kaliroi ni mmoja, akapiga ishara ya msalaba na kusema walichokuwa wanakiwaza wote.

“Hajayeyuka. Kuna mtu hajamsamehe.”

“Wewe mama, mdomo huo!” Lukas akamkemea. “Huu ni udongo wa mfinyanzi. Haupitishi maji, haupitishi hewa. Atayeyuka vipi humo?”

“Udongo huohuo ulimyeyusha baba yake,” akasema Kaliroi.

Na ni kweli. Kaburi la mumewe, Stratis, lilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Mwaka uliopita walilifukua, mifupa ikatoka safi na myeupe, wanawake wakapongezana. Lukas akarudisha kofia kichwani. Padri Minas akasoma sala ya msamaha, udongo ukarudishwa, na divai ikamwagwa pembeni ya ukuta kwa sababu hakuna aliyejua lingine la kuifanyia.

Langoni padri alimvuta Kaliroi kando. Padri Minas si mtu wa maneno mengi, alikuwa baharia kabla ya kuvaa joho.

“Pita kwa kila mtu,” akamwambia. “Kila mtu, Kaliroi. Aliyekosewa aseme kwa mdomo wake kwamba amemsamehe. Baada ya miaka mitatu tutafukua tena.”

“Na kama bado?”

“Pita kwa kila mtu kwanza.”

Nyuma yao, kando ya ukuta wa makaburi, walikuwa wamesimama wageni wawili. Thekla na Menios walisoma chuo na Iraklis huko Athene. Siku hizi Thekla anafundisha watoto wadogo, na Menios ni muuguzi. Walifika kwa meli ya Alhamisi, kwa ajili ya mifupa ya rafiki yao. Tangu mazishi hawakuwa wamekanyaga kisiwani, na Kaliroi alikuwa ameliona hilo na kuliweka moyoni.

Wakiteremka kwenda nyumbani, Menios alijaribu kumtuliza. Alieleza habari za udongo, za baridi, za jeneza la mbao nene. Alieleza vizuri, maskini, kwa sauti ile wanayotumia hospitalini.

“Menios mwanangu,” Kaliroi akamkatiza, “hizo sindano zako kamchome mwingine. Mimi nina kazi.”

Na akaifanya kazi yake. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya misa alibisha kila mlango kijijini, na nguo zake nyeusi, na kimo chake kifupi, akiuliza swali lilelile: mwanangu alikukosea nini? Usidhani ni jambo dogo. Ukiulizwa hivyo na mama wa marehemu huwezi kusema hakuna. Lazima utafute.

Zabeta alisema Iraklis akiwa na miaka tisa alimpaka mbuzi wake rangi ya bluu, ile ya kupaka madirisha, na yule mbuzi alitembea kijiji kizima akiwa wa bluu hadi Pasaka. “Nimemsamehe,” akasema huku akilia na kucheka. “Na mbuzi naye amemsamehe, Mungu amrehemu.” Sideris mwenye mkahawa alisema kijana alikuwa akimwita Kiboko mbele ya wateja. Amemsamehe. Despina, aliyekuwa mchumba wake na kisha akaachwa bila maelezo, alifungua mlango akiwa amebeba mapacha, mmoja huku na mwingine huku.

“Nilishamsamehe zamani, Mama. Angenioa ningekuwa mjane.” Kisha akajisikia aibu, akamwomba radhi, akamwita aingie anywe kitu. Kaliroi hakuingia.

Zabeta, aliyekuwa akimfuata mlango kwa mlango, alimshika mkono njiani. “Laiti siku ile ungeisikia ile simu, dada yangu.”

“Mikono ilikuwa kwenye unga,” akajibu Kaliroi. “Sikusikia.”

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara ngapi? Aliwaambia polisi hivyo, padri hivyo, waombolezaji wote hivyo. Ilikuwa mwezi wa tatu, Kwaresima. Iraklis alishuka melini mchana, mvua inanyesha, bila kumwambia mtu kwamba anakuja. Alimpigia mama yake mara tatu kutoka bandarini. Alipokosa jibu aliazima pikipiki ya mtu na kupanda mlima, na kwenye kona ya mkuyu pikipiki ikateleza, akafa palepale. Mikono yangu ilikuwa kwenye unga, sikusikia. Watu walimwonea huruma sana kwa hilo.

Jumapili jioni alirudi kwa padri na kumwambia amemaliza.

“Kila mtu?”

“Kila mtu. Wamebaki wale wageni wawili.”

Padri akauliza tena. “Wageni wawili tu?”

“Wawili tu,” akasema Kaliroi.

Upepo wa Agosti ulikuwa umeshika, bahari imekuwa nyeupe, na meli ya Jumatatu ikafutwa. Hakuna kutoka hadi Jumatano. Asubuhi Menios alikuja jikoni, akamkuta Kaliroi anakata nyanya.

“Mama, tumekodi gari la Sideris. Twende tukatembee kidogo, upunge hewa. Umehangaika na milango ya watu tangu juzi.”

Alitegemea kukataliwa. Badala yake Kaliroi akafuta kisu, akavaa kitambaa cheusi kichwani, akatia chupa ya mafuta ya zeituni na kiberiti kwenye mkoba.

“Nipelekeni kulekule.”

“Wapi, Mama?”

“Mlikokwenda siku ile. Kwa mpangilio uleule.”

Thekla, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, alikiweka kikombe chini. Hakuna aliyeuliza siku ipi.

Siku ile ilikuwa Agosti, miaka minne iliyopita. Iraklis alikuwa amewaleta marafiki zake wawili kwa likizo, na chumba cha mbele Stratis alikuwa amelala, anakwisha. Daktari alikuwa amesema wiki mbili. Mgeni kwetu haketishwi kwenye nyumba yenye harufu ya dawa, hiyo ni aibu isiyosemeka. Basi asubuhi kijana aliwapakia rafiki zake garini kuwaonyesha kisiwa, na Stratis akaamua kufa siku hiyohiyo. Iraklis alirudi jua likizama, nywele zimekauka chumvi, baba yake ameshafungwa kidevu. Kaliroi alimpokea mlangoni. “Ulipokuwa unaogelea,” alimwambia, “baba yako alikuwa anakuita.” Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mwanawe. Kijana alizika, akaondoka, majira ya baridi yote alipiga simu, na mama hakupokea hata moja.

Sasa alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akiwa na hakika moja: mmoja wa hawa wawili ana kitu. Kama sivyo, kwa nini hawakuja miaka yote hiyo? Atakitoa kitu hicho leo, kwa heri au kwa shari, mwanawe apate kulala.

Huko Ai Sostis, kituo cha kwanza, walikuta ufuko umejaa miavuli na watalii wamelala mchangani, wekundu. Kaliroi alisimama katikati yao na nguo zake nyeusi hadi vifundoni.

“Jamani, hawa watu makwao hawana nguo?”

Menios akacheka hadi akainama. “Mama, taratibu, wengine wanasikia.”

“Wasikie. Labda watavaa.”

Miaka sitini na mitatu kisiwani, na hakuwahi kuketi ufukoni. Kwa wanawake wa rika lake bahari ilikuwa kitu cha kupitia ukienda kuchuma zeituni. Walimkalisha chini ya mwavuli, wakamwagizia kahawa. Akainywa haraka.

“Siku ile mlifika hapa saa ngapi?”

“Saa tatu hivi,” akasema Menios.

Saa tatu alikuwa anamnyoa Stratis ndevu. Stratis alimwambia, ninyoe vizuri, leo kuna wageni.

“Menios. Iraklis alikukosea nini?”

Menios akaacha kucheka. Aliinama akachezea mchanga.

“Alinivunja jino hili, na mpira. Tazama, ni la bandia. Halafu alimwambia msichana niliyempenda kwamba nakoroma.”

“Unakoroma?”

“Sana.”

“Basi hakukusingizia. Sema.”

“Nimemsamehe, Mama. Kwa moyo wote.” Akapangusa macho kwa mkono wenye mchanga na kujiumiza. Kisha, akiwa bado anafikicha jicho, akauliza bila kuwaza, “Na wewe Mama, umesema yako?”

“Yangu ipi?”

“Kwamba umemsamehe.”

“Mama haulizwi hivyo,” Kaliroi akamjibu kwa ukali. “Mama ni mama. Inuka twende.”

Barabara ya kwenda Limnari, kituo cha pili, inapinda juu ya bahari, haina ukingo, na upepo ulikuwa unalisukuma gari upande. Mbuzi walisimama katikati ya lami, hawana habari. Menios alipiga honi, mbuzi wakamtazama. Kaliroi ndiye aliyeshuka, akawafokea kwa sauti ya kijijini, wakatoka.

Limnari kuna jiko moja tu la kuuza chakula, chini ya mti wa ufukoni, na mwenye jiko alimkumbuka Iraklis. Akawaletea samaki wadogo wa kukaanga, jibini na tikitimaji, akakataa malipo. Walikaa meza ileile. Menios alikumbuka kwamba Iraklis alitema mbegu za tikiti mpaka kwenye meza ya Wajerumani, nao wakajibu mapigo, ikawa vita ya mbegu hadi mwenye jiko akaja na ufagio. Mwenye jiko alicheka, Menios alicheka. Kaliroi alijisikia uso wake unataka kucheka, akauzuia.

“Saa ngapi hiyo?”

“Saa saba. Saa saba na nusu.”

Saa saba na nusu Stratis alifumbua macho akauliza, Iraklis yuko wapi. Kaliroi alimwambia yuko na wageni. Stratis akasema vyema, vyema. Baada ya nusu saa akauliza tena.

“Thekla,” akasema Kaliroi. “Zamu yako.”

Thekla alikuwa hajagusa samaki. “Hakunikosea, Mama.”

“Hakuna mtu asiyekosewa na mwanangu. Nimepita nyumba arobaini na moja. Hata mbuzi alikosewa.”

“Mimi hakunikosea.”

“Basi kwa nini hukuja miaka mitatu na nusu? Hata kadi ya Krismasi? Una nini naye?”

“Sina kitu naye, Mama,” akasema Thekla, machozi yakamtoka yakaanguka kwenye sahani. “Nina kitu na wewe. Twende kule kwa mwisho, nitakwambia hukohuko.”

Kule kwa mwisho ni Kaki Skala. Ngazi zake ni mia moja na kumi, zimechongwa ubavuni mwa jabali, nyingine zimevunjika. Menios alitaka kumbeba, akafukuzwa. Alishuka moja moja, mkono ukutani, mkoba shingoni. Chini kulikuwa na vijiwe vyeupe na maji ya kijani yaliyotulia, kwa kuwa jabali lilizuia upepo wote. Hapakuwa na mtu. Ni pazuri, na uzuri wake ulimtia hasira.

“Kwa hiyo hapa ndipo,” akasema. “Hapa ndipo pasipo na mtandao.”

Kwa maana ndivyo Iraklis alivyomwambia mlangoni siku ile: Mama, kule chini hakuna mtandao, sikujua. Aliposema hivyo Kaliroi hakumjibu. Mara nane alikuwa amempigia, kuanzia saa kumi, huku Stratis akiushika mkono wake na kuuita kwa jina la mwanawe. Hata hivyo, hicho kilikuwa kitu kidogo alichokuwa amekibakiza upande wa kijana: kwamba hakujua.

Alitoa simu mkobani aangalie saa. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Na juu ya kioo, pembeni, vile vimstari vya mtandao vilikuwa vimesimama vyote vinne.

Aliitazama simu, akamtazama Thekla.

“Wameweka mnara mpya?”

“Hapana, Mama.”

“Thekla.”

“Iliita,” akasema Thekla. “Tuliisikia wote. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lile pale. Akaiangalia, akaona ni wewe, akaigeuza kifudifudi. Nikamwambia, pokea, huenda ni habari za baba. Akaniambia, ‘Najua ni baba. Najua atakachoniambia. Nisipopokea, baba bado yu hai.’ Ikaita tena, akaingia majini. Aliogelea mpaka tukashindwa kumwona kichwa. Mimi niliiokota ile simu, Mama. Nilikuwa nayo mkononi, inaita, imeandikwa Mama, na mimi nikaogopa, sikupokea. Nilikuwa na uwezo wa kukwambia tunakuja. Tungewahi. Ndiyo maana sikuja miaka yote. Ningekutazama vipi?”

Menios alikuwa amekaa juu ya vijiwe, kichwa magotini.

Kaliroi hakupiga kelele mara moja. Aliifunga simu ndani ya leso yake, akairudisha mkobani, akafunga zipu. Kisha ndipo ikamtoka.

“Alisikia! Alisikia, mwendazake! Baba yake anamwita mpaka ulimi unakauka, mimi nimeshika simu kama mwehu, naye anaogelea! Na mimi nimezunguka kijiji kizima nikiomba watu wamsamehe habari za mbuzi! Mbuzi!” Aliokota jiwe akalitupa majini, akaokota lingine. “Muogope Mungu, Iraklis! Ulinidanganya mlangoni kwangu, baba yako hajapoa!”

“Mama, aliogopa,” akasema Thekla.

“Na mimi sikuogopa? Mimi nilikuwa peke yangu!”

Akageuka akaanza kupanda ngazi. Mia moja na kumi, bila kupumzika, mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Wale vijana walimfuata nyuma, hawathubutu kumshika. Kule juu upepo ulimvua kitambaa kichwani, na Menios akakikimbilia vichakani, akarudi nacho kimechanika. Kaliroi alikipokea bila asante, akaingia garini.

Njia ya kurudi ni ile inayotoka bandarini. Kaliroi aliangalia mbele. Alikuwa anaona jiwe lile, na kijana amekaa juu yake na kaptula iliyolowa, na kidole chake kinaigeuza simu. Kadiri alivyoiona ndivyo kidole kile kilivyozidi kumsumbua. Alikuwa anakijua. Alikuwa amekiona mahali pengine, kimejaa unga.

“Simama kwenye mkuyu,” akasema.

Kwenye kona ya mkuyu kuna kikanisa cha bati juu ya mlingoti, kimo cha kifua, na kioo mbele, na ndani yake taa ya mafuta na picha ya Iraklis akiwa jeshini. Vikanisa vya namna hii vimejaa barabarani kwetu, kila kimoja na mtu wake aliyefia hapo. Kila Jumamosi Kaliroi hukijaza mafuta. Jumamosi hii kwa sababu ya kaburi hakuja, na taa ilikuwa imezimika.

Alifungua kioo, akasafisha utambi, akamimina mafuta. Njiti ya kwanza upepo uliizima. Ya pili vilevile. Menios na Thekla wakaja wakasimama pande mbili, wakaukinga upepo kwa miili yao, na ya tatu ikashika. Kaliroi alibaki ameshikilia mlango mdogo wa kioo.

“Nilisikia,” akasema.

“Nini, Mama?” akauliza Menios.

“Simu. Siku aliyokufa. Niliwaambia watu mikono ilikuwa kwenye unga, sikusikia. Nilisikia. Mikono ilikuwa kwenye unga, kweli, nikaipangusa kwenye aproni, nikaishika simu, nikaona ni yeye. Nikaigeuza kifudifudi mezani. Nikasema, na aite, ajue inavyouma. Ikaita mara ya pili. Ya tatu. Mvua ilikuwa inapiga dirisha na nilikuwa nafurahi kwamba anaita.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaeleza mapishi. “Ningepokea ningemwambia alale kwa binamu yake bandarini hadi mvua ikatike. Mama gani asingesema hivyo? Hata mwenye hasira. Ningesema, usipande mlima na mvua hii, mpumbavu wewe. Maneno hayo tu.”

Thekla aliufunika mdomo kwa mikono.

“Padri aliniambia kila mtu, na mimi nikapita kila mlango isipokuwa wangu. Nilijua, Thekla. Alipofukuliwa Jumamosi nikauona ule mkono, nilijua palepale ni nani. Nikawatafuta ninyi.”

“Mama, yaishe,” akasema Menios. “Sote tulikosa.”

“Nyamaza kidogo. Nina la kumwambia.”

Aliinama mpaka paji la uso likagusa bati lenye joto la jua.

“Iraklis. Baba yako alikuita, na ulisikia, na hukuja. Nilikuchukia kwa hilo. Nilikupenda na nilikuchukia, yote mawili, na la kuchukia ndilo nililolilisha.” Akavuta pumzi. “Nimekusamehe. Unanisikia? Mimi, mama yako Kaliroi, nimekusamehe ile siku yote, kutoka asubuhi hadi jioni, na ule uongo wa mlangoni. Sina tena kitu na wewe. Yeyuka, mwanangu. Pumzika.”

Gari la mboga lilipita, dereva akapunguza mwendo, akapiga ishara ya msalaba, akaenda zake. Kaliroi alisubiri lipotee.

“Na mimi nisamehe,” akasema kwa sauti ndogo. “Ulinipigia mara tatu.”

Alikaa hivyo ameinama kwa muda mrefu, sikio kwenye bati. Thekla alianza kulia kwa sauti. Kaliroi alinyoosha mkono bila kugeuka, akamvuta, akamshika kichwa begani kwake.

“Na wewe nimekusamehe. Ulikuwa mtoto. Usikae tena miaka bila kuja, mbwa wewe, nimekutengenezea kitanda kila Agosti.”

Kisha akafunga kioo cha kikanisa na kuhakikisha komeo limeingia. Akamuuliza Menios miaka mitatu kuanzia leo itakuwa mwaka gani, Menios akamtajia, na akahesabu kwa vidole: atakuwa na sitini na sita. Watakuja? Watakuja, wakasema wote wawili, kwa divai na kwa kitambaa. Alitikisa kichwa kukubali. Mifupa ikitoka myeupe watajua kwamba neno la mama limefika.

Ila lile la pili, la simu tatu, hilo halifukuliwi. Wa kumsamehe Iraklis alikuwa ameshapatikana. Wa kumsamehe Kaliroi alikuwa chini ya udongo, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na hakuna mlango wa kubisha.

Alipoingia garini simu ikaita mkobani. Ilikuwa Zabeta, bila shaka, anataka kujua wako wapi na kwa nini sufuria ya maharage imeachwa juu ya jiko. Kaliroi alipapasa zipu kwa haraka kiasi kwamba chupa ya mafuta ilianguka ikamwagika miguuni, na hakuijali.

“Nipo,” akasema, simu haijaita mara ya pili. “Nipo, nimepokea, sema.”